Sifa za Funza, Mwalimu Asiyedai Ada

Kuna walimu wanaoagwa kwa risala na zawadi ya kitenge, na kuna mmoja anayeagwa kwa pini. Huyu wa pili hana cheti wala chama cha wafanyakazi, na urefu wake ni kama milimita 1 tu. Hata hivyo, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora ni vigumu kumpata aliyefundisha baiolojia kwa bidii kumzidi. Ni funza, ambaye wengine humwita tekenya na wataalamu humwita Tunga penetrans. Nakusudia kumsifu bila haya, na hoja yangu ni moja: mambo ya msingi ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huyakariri akiutazama mchoro ukutani, funza humwonyesha yakiwa hai, tena nyumbani kwake mwenyewe. Serikali ilifuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016. Funza alikuwa ameshaifuta zaidi ya miaka 100 nyuma. Na Tabora si mji wa kulidharau somo hili, kwa kuwa ni katika shule ya St. Mary's ya mji huo ambapo Nyerere alishika chaki ya baiolojia, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Mtaala huanza na sifa za viumbe hai: kula, kupumua, kukua, kuzaliana, kutoa taka, kujongea na kuhisi. Mtoto huambiwa azitafute kwa mbuzi, lakini mbuzi huzionyesha kwa kutawanyika, leo hiki na kesho kile. Funza jike amezikusanya mahali pamoja. Akiwa bado mchanga huruka, na kurukaruka ndiko kujongea kwake, maana viroboto wote walikwisha kupoteza mabawa katika mabadiliko ya vizazi na wakabaki na miguu yenye nguvu. Huhisi joto la mwili, hujichimbia ngozini kwa kutanguliza kichwa, kisha huacha ncha ya tumbo ikichungulia nje. Kupitia kitundu hicho kidogo hupumua, hutoa kinyesi, humpokea dume na kutaga mayai. Kichwa kwa upande wake kiko ndani kinanyonya damu. Katika muda wa kama wiki 2 tumbo lake huvimba mpaka kukaribia upana wa sentimita 1. Mwalimu gani mwingine amewahi kufundisha ukuaji kwa namna ambayo mwanafunzi hawezi kusinzia?

Somo la hatua za ukuaji wa wadudu nalo amelifupisha kwa hisani yake. Mayai, ambayo ni mamia kwa jike mmoja, huanguka chini, na baada ya siku 3 au 4 hutoka lava wanaoishi katika vumbi la sakafu wakila mabaki yanayooza. Lava hugeuka pupa, na pupa hugeuka mdudu kamili, yote katika wiki 3 au 4 hivi ikiwa hali ni nzuri. Viroboto wengi hupitia hatua 3 za lava; huyu ameridhika na 2, na wizara yenye mtaala mrefu ingeweza kumwomba ushauri. Tofauti za jinsia hazikusahauliwa. Dume hunywa damu na kuondoka, hajichimbii hata siku moja, humtembelea jike pale alipojijengea, kisha hufa. (Jike naye hufia papo hapo alipoingia, baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba ndoa hiyo ina mshindi.) Wekundu, uvimbe na muwasho wa kidole ni kinga ya mwili inayomtambua mgeni. Hata funza hana faragha, kwani ndani ya mwili wake wanaishi bakteria wanaoitwa Wolbachia. Mpangaji naye ana mpangaji, na kimelea ni mwenyeji wa mwingine.

Lakini pale anapokuwa profesa hasa ni katika somo la kutawanyika kwa viumbe, na ukumbi wake wa mihadhara ni njia ya misafara. Asili yake si Afrika. Inasimuliwa kwamba mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilimteremsha Ambriz, pwani ya Angola, pamoja na mchanga uliotumika kuizidishia uzito. Katika mwaka huohuo Livingstone alikuwa Kwihara, jirani na Tabora, akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley, na hakuna aliyejua kwamba msafiri mkubwa kuliko wote wawili ameanza safari upande wa pili wa bara. Funza alipita Kongo, akafika maziwa makuu, na mnamo 1892 msafiri wa Kizungu Oscar Baumann aliwakuta watu wa Uzinza wamelemazwa naye. Kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Wazungu waliolikata bara kutoka bahari hadi bahari wameandikiwa vitabu na kujengewa sanamu. Huyu alilikata bila bunduki, bila shanga za kulipia hongo kwa watemi, tena bila kutembea, kwa sababu jike akishazama mguuni hana tena safari yake mwenyewe.

Aliwezaje? Hapo ndipo ushahidi unapopendeza. Jike hudondosha mayai kwa muda wa wiki 2 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi, peku, na mzigo wa kilo 30 hivi begani, akitembea kilomita 15 kwa siku, atakuwa ameyapanda mayai katika kilomita 200 kabla jike huyo hajaishiwa, na kutoka Ujiji hadi Tabora ni kilomita 400 hivi. Tena msafara haulali popote pale. Hulala penye maji, katika kambi zilezile walizolala waliotangulia, juu ya vumbi na majivu yaleyale. Yai lililoanguka kambini leo litakuwa mdudu mwenye njaa baada ya mwezi, na msafara mwingine utakuwa unatua mizigo. Tabora ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, huku Bagamoyo. Ukitaka kueleza kwa nini kiumbe kisicho na mabawa huenea haraka kinapopata mbebaji, unaweza kutumia mbegu ya kishonanguo, kama vitabu vinavyofanya, lakini kishonanguo huishia kwenye pindo la suruali. Funza alibebwa na biashara ya pembe za ndovu nzima.

Mwenye shaka atasema kwamba hizo ni hadithi za meli tu, na kwamba huenda mdudu huyu alikuwapo Unyamwezi tangu zamani bila kuandikwa. Hoja hii ni ya haki, na anayeijibu ni funza mwenyewe, kwa njia ya ukoo wake. Ndugu zake wa karibu, spishi nyingine za jenasi ya Tunga, wengi wako Amerika Kusini na wachache Asia ya Mashariki; Afrika hana binamu. Kiumbe aliyezaliwa mahali huwa na jamaa mahali hapo. Ongeza kwamba habari zake za kwanza zinafuatana kwa miaka kutoka magharibi kwenda mashariki, kutoka Atlantiki hadi maziwa na kutoka maziwa hadi pwani, ilhali bidhaa nyingi za kigeni ziliingia Tabora kutoka pwani. Mwanafunzi akiuelewa mpango huo, ameelewa jinsi wanabaiolojia wanavyofikiri kuhusu chimbuko la spishi yoyote, na hajafungua kitabu.

Mwingine atauliza kwa nini tusifundishie vitu vizuri. Tabora ina miembe mikubwa ya enzi za misafara, na ina nyuki wa miombo wenye asali ya sifa. Sikatai, ila mwembe nao ni mgeni aliyekuja na misafara vilevile, na hakuna anayeuuliza ulitoka wapi kwa sababu ni mtamu. Utamu hulaza akili. Muwasho humfanya mtu ainue mguu, autazame na kuuliza.

Pingamizi zito ni la maumivu, na hapa sifa zangu hazina budi kupunguza mbwembwe. Mtoto mwenye funza wengi hawezi kutembea hadi shuleni, huchekwa na wenzake, na kidonda chake ni mlango wa pepopunda. Shirika la Afya Duniani lilipoongeza upele katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, funza aliingia chini ya maneno “na vimelea wengine wa ngozi”, yaani hata katika kupuuzwa aliwekwa kwenye mengineyo. Tena huchagua wanafunzi: hushamiri kiangazi, penye sakafu ya udongo, penye miguu isiyo na viatu, penye mbwa, panya na nguruwe wanaolala karibu na watu. Watu wameliita jambo hilo uchafu, na wengine wameliita laana ya ukoo. Ni ikolojia. Lava anahitaji vumbi kavu. Sakafu ya saruji humnyima vumbi, na sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri humpunguzia. Mwenye saruji hana tabia njema kuliko jirani yake, ana saruji tu.

Na dawa yake ni kipindi cha mwisho cha upumuaji. Wapo wanaopaka mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi, na wapo wanaochokonoa kwa pini moja inayozunguka familia nzima, ikigawa vijidudu vya damu kwa usawa. Mafuta mepesi ya dimetikoni, yaliyojaribiwa Kenya na Uganda, hayana sumu. Hupenya tu katika kile kitundu cha nyuma na kuziba njia za hewa, na mdudu hufa akiwa ndani. Atakayebaki akihofia kwamba funza wakiisha Unyamwezi somo litakosa mwalimu, na amshike kuku yeyote wa kienyeji anayezunguka uani, amtazame upangani na pembeni mwa macho. Viroboto weusi walionasa pale, majike waliotia midomo ngozini wasitake kubanduka, ni wa ukoo wa viroboto vilevile, na wako tayari kushika nafasi.