Waraka kwa Shangazi, Mwenye Dawa ya Kila Jambo

Shangazi yangu mpenzi,

Ukitaka kujua hali zetu huku Tanga, sisi tu wazima, ila presha ya Mama ndiyo hiyohiyo, na mwembe wa uani umezaa mwaka huu bila kuombwa. Hofu ni kwenu huko Dar es Salaam, hasa kwako, maana kikao cha ukoo cha juzi lazima kilikuchosha. Kumjadili mtu saa tatu nzima bila yeye kuwapo si kazi ndogo.

Muhtasari nimeupata kwenye simu, nashukuru. Mmeazimia kwamba Dada ana kiburi, kwamba ana jini mahaba, na kwamba Mama alimdekeza. Nisamehe nikiuliza kijinga: ni yote matatu kwa pamoja, au tuchague? Maana yule mganga wa Pangani uliyetuletea mwaka juzi alichukua jogoo mwekundu na pesa ya mchele wa mwezi mzima, akatuhakikishia jini limeondoka. Ikiwa liliondoka kweli, kilichobaki ni kiburi, na kwa kiburi jogoo hakuhitajika.

Daktari naye alisema lake, siku ambayo ukoo mzima ulikuwa na udhuru. Aliiita hitilafu ya haiba, ile ya mpakani. Sisi watu wa Tanga tukisikia mpaka tunawaza Horohoro, malori na mihuri. Kumbe jina ni la zamani: mwaka 1938 daktari mmoja wa Marekani, Adolf Stern, alikuwa na wagonjwa asiojua awaweke wapi, wazimu kamili hawakuwa nao na wasiwasi wa kawaida waliupita, akawaita watu wa mpakani. Fikra yake imekwisha kuachwa, jina limeganda. Ni kama mzee anayeitwa Mtoro hadi leo, na chuoni alitoroka mara moja tu.

Kiini chake, Shangazi, ni hofu ya kuachwa. Dada husikia kuachwa mahali ambapo sisi hatusikii kitu. Ramadhani iliyopita niliacha simu kwenye chaji kazini nikaenda kuswali. Niliporudi nilikuta amepiga mara 41. Ujumbe wa kwanza uliuliza niko wapi. Wa katikati ulisema najua mmenichoka. Wa mwisho: usirudi hapa tena. Nilirudi. Nikamkuta amepika wali wa nazi na kisamvu, ameniwekea samaki upande wa kichwa ninavyopenda, na ananitazama kwa kuibia. Hapakuwa na maigizo. Hasira ilikuwa ya kweli na samaki alikuwa wa kweli.

Ndivyo ilivyokuwa kwako pia. Ile Idi uliyokuja, wiki nzima ulikuwa wewe tu: Shangazi ana akili, Shangazi ananielewa kuliko Mama. Ukafurahi, ukatuambia kwamba sisi ndio tusiojua kuishi naye. Kisha ukakatisha safari siku mbili kabla, ukaondoka alfajiri bila kumuaga, na jioni ile ukawa mtu mbaya kuliko wote duniani, akakubloki. Mimi nimekuwa malaika asubuhi na adui magharibi mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Wewe yamekufika mara moja, umeitisha kikao.

Sisemi Dada hana makosa, wala sisemi haumizi. Mama hulala na simu chini ya mto. Hujua kwa jinsi mlango unavyofungwa kama jioni hiyo kutakuwa na mazungumzo au kimya cha siku nne. Mchumba wangu alivumilia mwaka mmoja, akaondoka kwa adabu. Nami usisikie nikilalamika ukadhani nimetakasika: usiku mmoja nilimwambia Dada, ndiyo maana kila mtu anakukimbia. Nililichagua neno lile kwa sababu nilijua litaingia wapi. Kosa lake la usiku ule nimelisahau.

Usiku Dada alipojidhuru, hospitali moja ilitudai PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumuuliza jina. Nikakimbilia kituo cha polisi, Mama akabaki amemshika mkono. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinaliita jaribio la kujiua kosa la jinai. Ukivuka Horohoro, Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kutamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Basi mpaka una maana yake, hata kama si ile ya Stern. Wewe usiku ule ulituandikia kwamba jambo hili lisitoke nje. Halikutoka, Shangazi. Na msaada nao haukuingia.

Kikaoni umeuliza kwa nini asipewe dawa akapona. Kidonge cha hitilafu yenyewe hakuna. Vile anavyokunywa ni vya usingizi na huzuni. Kazi yenyewe ni mazungumzo na mazoezi: kuijua hisia kabla haijakushika, kuvuka saa mbaya bila kujiumiza, kuomba bila kutisha. Aliyeyapanga mazoezi hayo ni Mmarekani, Marsha Linehan, na mwaka 2011 alisimama katika hospitali ya Hartford alikolazwa mwaka 1961, akiwa na miaka 17, akasema na yeye alipitia hayohayo. Kule Massachusetts, Mary Zanarini na wenzake walianza mwaka 1992 kuwafuatilia wagonjwa 290. Ndani ya miaka 10, 93 katika kila 100 walikuwa wamepata angalau miaka 2 ya nafuu. Waliorudi kwenye kazi na urafiki wa kudumu ni nusu tu. Sitaki kukuuzia maji kwa bei ya maziwa. Sisi mtaalamu tunamwona mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki mtaalamu ni Mama, aliyeishia darasa la saba.

Dada ameusoma waraka huu kabla yako. Amefuta sentensi moja, sitakwambia ipi, na ameongeza moja: “Mwambie Shangazi ile wiki nilimpenda kweli.”

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao Mama anakwenda Korogwe kwenye arobaini, nami nina zamu ya usiku kazini. Basi la saa kumi na mbili asubuhi litakufikisha hapa adhuhuri. Najua hali ya maisha huko mjini, kwa hiyo nauli nimekutumia kwa simu, ya kuja na ya kurudi. Ukitaka kuondoka mapema, muage.

Mwanao.