Namna ya Kuacha Sigara Bila Kumkatia Mtu Riziki

Umeamua kuacha sigara. Hongera, lakini uamuzi huo umeufanya peke yako, bila kuitisha kikao, na huo si ungwana. Mvutaji ni kama mwenye kaya ya wategemezi mia: akisema tu kwamba kesho hatoki kwenda kazini, kuna watu hawali. Wewe unadhani unavuta fegi yako ya jioni na mambo yanaishia hapo. Kumbe nyuma yako wamejipanga mwenye kiwanda, mwenye hisa, mtoza kodi, mtengeneza dawa ya kukuachisha, profesa mwenye ruzuku ya utafiti, na wakili wa kila mmoja wao. Mwongozo huu utakuachisha kwa adabu, ili zoezi likiisha asiwepo aliyepungukiwa, ukiondoa wewe.

Kwanza kubali kwamba adui ni moshi. Hili ni kweli kabisa, wala sifanyi mzaha: kinachojaza wodi za saratani na za moyo ni lami, monoksidi ya kaboni na mamia ya kemikali zinazozaliwa tumbaku inapoungua. Nikotini ina kazi nyingine, kukurudisha dukani. Pafu moja tu, na ndani ya sekunde kama kumi imeshafika kwenye ubongo. Saa mbili baadaye karibu nusu yake imeshatoka kwenye damu, na mwili unaanza kudai. Hali hiyo vijana huiita arosto. Mhasibu wa kampuni huiita mapato ya robo mwaka.

Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu wa kampuni saba za tumbaku za Marekani walinyanyua mikono mbele ya kamati ya Bunge, wakaapa, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema hawaamini kuwa nikotini inaleta uraibu. Leo warithi wao wanakiri kwamba inaleta, na onyo hilo liko kwenye maboksi ya sigara zao za kielektroniki kwa herufi kubwa. Usiwacheke. Wakati ule walikuwa wakiuza sigara tu. Sasa wanauza na tiba yake, na tiba haiuziki mpaka ugonjwa ukubaliwe.

Ukishakubali hayo, usiache. Badilisha. Neno "kuacha" lina ukali usiopendeza, linaleta picha ya mtu aliyeondoka na asiyerudi. Mvutaji muungwana huhama tu kutoka rafu moja kwenda nyingine ya duka lile lile. Zamani alihamishiwa sigara zenye kichungi. Kent walitangaza kichungi chao kwa mbwembwe tangu 1952, na kwa miaka kadhaa ndani yake mlikuwa na asbesto. Baadaye akahamishiwa zile zilizoitwa "laiti". Ukipata moja, ishike kwenye mwanga utazame pale karatasi ya rangi ya maganda ya korosho inapofunika kichungi. Utaona mduara wa vitundu vidogo sana. Mashine ya maabara inapoivuta, hewa hupenya humo na kuuchanganya moshi, hivyo kipimo kinasoma lami kidogo. Binadamu ana vidole na midomo, naye huviziba vitundu vile bila kujua, kisha anavuta kwa nguvu zaidi mpaka mwili upate ulichozoea. Ilichukua hadi Agosti 2006 kwa jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho kuandika kwamba kampuni zilikuwa zikiudanganya umma. Miongo ile yote, mamilioni ya watu walikuwa wanaacha sigara huku wamezishika mkononi.

Sasa nunua kifaa. Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilitoka kwa mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mvutaji ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Aliibuni mwaka 2003. Miaka kumi baadaye Imperial Tobacco ililipa dola milioni 75 kwa hataza zake. Dawa ya kuikimbia sigara ikahamia kwenye kabati la muuza sigara, nayo haijatoka humo.

Atakayekwambia kifaa hiki hakifanyi kazi, usimsikilize. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 liliwachukua wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameachana na tumbaku kwa asilimia 18. Waliopewa pipi za kutafuna, mabandiko ya ngozi na mengine ya jamii hiyo, asilimia 9.9. Karibu mara mbili, na mtu aliyekuwa akimaliza pakiti kwa siku ana haki ya kuifurahia tofauti hiyo. Ila endelea kusoma jedwali. Kati ya waliofaulu kwa sigara za kielektroniki, asilimia 80 walikuwa bado wanazitumia mwaka ulipoisha. Upande wa pili, waliokuwa bado wanatumia dawa zao walikuwa asilimia 9. Ungwana ninaousema ni huo: mgonjwa amepona, na duka la dawa halijapoteza mteja.

Ikiwa hukuwahi kuvuta, pia usijione umeachwa nyuma. Sigara ya kielektroniki iitwayo Juul iliingia sokoni Marekani mwaka 2015 ikiwa na nikotini ya chumvi, isiyokwaruza koo, na ladha kama embe. Kampuni ikasema inawalenga watu wazima wanaotaka kuachana na sigara. Wanafunzi wa sekondari, ambao wengi wao hawakuwa na sigara yoyote ya kuiacha, wakaona wasikose huduma. Desemba 2018 Altria, mwenye Marlboro ya Marekani, alilipa dola bilioni 12.8 apate asilimia 35 ya Juul. Mtu hatoi fedha za namna hiyo kwa adui anayekuja kumfungia duka. Zikafuata kesi, na mwaka 2022 Juul ikakubali kuyalipa majimbo zaidi ya 30 dola milioni 438.5.

Kama kifaa kinakushinda bei, vipo vijifuko vya nikotini. Kijana anafungua kikopo cha duara, anatoa kijifuko cheupe, anakipachika kati ya fizi na mdomo wa juu, anaendelea na mazungumzo. Hakuna moshi wala majivu, na mwalimu aliyesimama hatua mbili mbele haoni kitu. Bibi zetu waliweka ugoro pale pale wakaitwa washamba. Walichokosa ni mnanaa na ofisa masoko. Nchini Kenya vijifuko vya kampuni ya sigara ya BAT viliingia mwaka 2019 kwa jina la Lyft, vikasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, yaani vikaketi upande wa dawa. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akapinga mwaka 2020: mahali pavyo ni chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Vikatoweka kidogo, kisha vikarudi vikiitwa Velo. Uganda haikutaka usumbufu, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwenye sheria yake ya 2015.

Huenda umeamua kuwakwepa wenye tumbaku na kwenda kwa wenye dawa. Pipi ya nikotini ilibuniwa na Wasweden, na ilianza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Ila angalia unapolipia. Mwaka 2021 kampuni ya sigara ya Philip Morris International ilinunua Fertin Pharma ya Denmark, inayotengeneza pipi hizo hizo. Mwaka huo huo ikanunua Vectura ya Uingereza, watengenezaji wa vifaa vya kuvutia dawa ya pumu, kwa zaidi ya pauni bilioni moja. Yaani wangekuuzia moshi, pipi ya kuacha moshi, na pampu ya kifua kilichoharibiwa na moshi. Vectura waliiuza tena mwaka 2024, kwa hasara kubwa. Madaktari wa mapafu hawakuuelewa upendo huo.

Usisahau kusoma utafiti, na usiulize nani amelipia. Mwaka 2017 Philip Morris International hiyo hiyo iliahidi dola milioni 80 kwa mwaka, kwa miaka 12, kwa wakfu uliotangaza kwamba unataka dunia isiyo na moshi. Mkuu wake wa kwanza, Derek Yach, aliwahi kufanya kazi Shirika la Afya Duniani, na alikuwa na mkono mkubwa katika kuandaa Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku. Kifungu cha 5.3 cha mkataba huo kinazitaka serikali zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya wenye tumbaku. Shirika likazitangazia serikali zisishirikiane na wakfu huo. Wakfu umebadilisha jina tangu 2024.

Serikali nazo zina njaa zao. Mwaka 1998 majimbo 46 ya Marekani yalikubaliana na kampuni za sigara zilipe dola bilioni 206 kwa miaka 25 kufidia gharama za matibabu. Kiasi kinachoingia hupanda na kushuka kulingana na sigara zinazouzwa, na majimbo kadhaa yalishazikopea fedha hizo kwa kuuza hatifungani. Wavutaji wakiacha haraka mno, wakopeshaji wanakosa usingizi. Nchini Japani sheria inaitaka serikali imiliki zaidi ya theluthi moja ya Japan Tobacco, na Japan Tobacco ndiyo yenye hisa nyingi katika kiwanda kikubwa cha sigara cha Dar es Salaam. Ukipiga pafu Temeke umechangia hazina ya Tokyo, nawe unalalamika hujulikani kimataifa. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua hutajwa kwa uchungu kila sheria inapotaka kukazwa. Bei ya kilo inapopangwa, wanaowataja huwa na udhuru.

Kuna njia mbili za kuwakwepa wote hao. Ya kwanza ni sitisini, dawa itokanayo na mmea, inayouzwa Bulgaria tangu 1964. Jaribio la New Zealand lililochapishwa mwaka 2014 liliona inashinda mabandiko na pipi. Lakini ni rahisi, na mmea hauna mwenye hataza, hivyo kwa miongo mingi hakuna aliyehangaika kuitangaza nje ya Ulaya Mashariki.

Ya pili ni mbaya zaidi: mtu analala mvutaji, anaamka hataki. Siku tatu za mwanzo anakuwa mkali hata kwa kuku wa jirani, wiki ya pili anaanza kulala vizuri, ya nne anakula kupita kiasi. Hakununua betri, hakulipa ushuru, hakumpa mtafiti wa mtu kazi. Inasikitisha kwamba wengi wa walioacha sigara duniani wameacha hivi hivi. Kama huwezi kujizuia, basi iache kimya kimya, na tafadhali usimwambie jirani ulivyofanya. Mbinu hiyo haina hakimiliki na inaweza kusambaa.