Mjane wa Mzee Ojwang

Hapa Murungu, kijiweni kwetu kuna mzee aliyewahi kukaa Nairobi. Pombe ya ndizi ikishampanda anaapa kwamba anamjua mke wa Mzee Ojwang: Mama Kayai, mwanamke mwenye mdomo, asiyejua kumheshimu mume. Mwambie kwamba Mary Khavere, aliyemwigiza Mama Kayai, hakuwa mke wa Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang, kwamba ule ugomvi wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi ulikuwa kazi, televisheni ya KBC wakiurekodi. Atakutazama kana kwamba umeikana mvua ya masika. Tangu Wanjau afariki Julai 2015, anatuuliza mjane katunzwaje.

Ajabu yake, Wanjau alikuwa Mkikuyu akiigiza Mjaluo, na hilo mzee analiita kipaji. Mama Kayai akiigiza mke mkali, hiyo ndiyo tabia yake!

Juzi harusini binti mmoja alituchekesha hadi machozi, akimwigiza mlevi anayegombana na baiskeli. Mzee akauliza huyo ni mtoto wa nani, na nani atamwoa. Kisha akasimama kijana na mlevi yuleyule, baiskeli ileile. Mzee akaenda kumtunza elfu mbili.