Mkuu wa Shule, Fyatua Wanafunzi Wenye Maadili

Hongera kwa kukabidhiwa shule. Wazazi wamekuletea watoto wafunzwe maadili na bidii, na ada wameshalipa, kwa hiyo anza mapema. Saa kumi na nusu alfajiri igongwe ile rimu ya lori inayoning'inia mwembeni. Watoke mchakamchaka, wakirudi wadeki mabweni, wafyeke nyasi, kisha wawahi mstarini. Atakayesinzia kwenye kipindi cha hisabati aandikwe kuwa ni mvivu.

Uongozi nao hufundishwa. Kiranja wa darasa apewe karatasi na kalamu, mwalimu aende zake kunywa chai. Akirudi atakuta orodha ya wapiga kelele, wengine wamewekewa "x3", mmoja ameandikiwa "SANA" na kupigiwa mistari miwili. Iangalie vizuri karatasi hiyo: kuna jina limefutwa kwa mate mpaka pametoboka. Mwenye jina alitoa andazi. Somo la uraia halijawahi kueleweka upesi namna hiyo.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu hicho kinunue, kisha kiache kama kilivyotoka dukani. Mdhibiti ubora akija atasifu usafi wake. Magoti kwenye kokoto hakuna anayeyahesabu.

Sasa tuje kwenye matarajio makubwa, maana hapa ndipo shule inapopata jina. Wasioijua kazi hii hudhani ni kumwinua mtoto mpaka azifikie alama. Huko ni kuzunguka mno: kunataka maabara, kunataka walimu, kunataka subira. Wewe weka wastani wa shule, tuseme 60. Anayepata 58 Kidato cha Pili, mwite mzazi wake, mkaribishe kwenye kochi, mwagizie soda, mwambie kwa upole kwamba mtoto ana kipaji, ila mazingira ya hapa hayamfai. Akigoma, mtoto akariri darasa. Akigoma na hilo, mtafutie kituo kingine cha kufanyia mtihani, ili sifuri yake, akiipata, iwe ya wenyewe huko. Serikali imeshaukemea mchezo huu zaidi ya mara moja, kwa hiyo neno "kufukuza" lisitoke kinywani mwako. Sema "uhamisho". Ukianza na wanafunzi 80 Kidato cha Kwanza, ukafikisha 43 Kidato cha Nne, hao hata walimu wakilala watakuletea divisheni wani, yaani pointi 7 hadi 17, na asilimia yako itakuwa mia. Hesabu haidanganyi, mradi uchague pa kuanzia kuhesabu.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora. Usivunjike moyo, bango litengeneze mwenyewe. Lisimamishwe penye tuta, magari yanapopunguza mwendo, liwe na picha ya wasichana wawili waliovaa miwani, hata kama miwani ni ya katibu muhtasi.

Akitokea mzazi msumbufu akataka kujua wale 37 waliishia wapi, muulize kama nyumbani ana mtoto mwingine. Fomu ya kujiunga ni shilingi elfu thelathini, na ikishalipwa hairudishwi.