Wati Elfu Nane na Mvumo wa Bure

Mtu mwenye laki mbili mfukoni na masikio yenye makuu ana tabu kubwa. Laki mbili hazinunui muziki wa maana, lakini zinatosha kabisa kumfanya azunguke Kariakoo kutwa nzima akiamini kwamba zinanunua. Mimi ni mmoja wa watu hao. Napenda dansi la zamani, lile ambalo magitaa yanasemezana na kila moja unalisikia linavyomjibu mwenzake. Redio nyingi za siku hizi huyameza magitaa yote, zikakubakishia besi inayotikisa glasi kabatini.

Duka la kwanza nilipokewa na kijana mchangamfu. "Shikamoo mzee, hii hapa ndiyo habari ya mjini. Wati elfu nane!" Ilikuwa sabufa yenye taa za rangi nne zinazowaka kwa kufuata mdundo. Nikaigeuza. Kwa nyuma, chini ya pale waya unapoingilia, palikuwa na kibandiko cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo ya kusomwa kwa miwani: AC 220–240V, 50Hz, 45W. Yaani inakula wati 45 ukutani na kutoa elfu nane sebuleni. Nikamwuliza kijana hizo nyingine 7,955 inazitoa wapi. Akafikiri kidogo, akasema kwa heshima zote, "Hizo ni za ndani kwa ndani, mzee."

Wati za ndani kwa ndani huandikwa kwa herufi nne, PMPO, na hazina kipimo rasmi. Kila kiwanda hujipigia hesabu kwa kadiri ya ujasiri wake. Wati za kuaminika ni zile zenye herufi RMS, na hizo hutajwa kwa unyonge, kumi au ishirini, pembeni kabisa mwa boksi. Wala hazihitajiki nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu, mtu aliyesimama mita moja mbele yake atapata desibeli 85 hadi 90, sauti inayotosha kumleta mwenye nyumba mlangoni. Tena sikio letu lina mahesabu yake: ili lione sauti imeongezeka mara mbili, inabidi wati zizidishwe karibu mara kumi. Mwenye wati 100 za kweli anamzidi mwenye 10 mara mbili tu kwa sauti. Kwa kumaliza luku ndiko anakomwacha mbali.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoona sabufa zinanifuata mpaka barabarani, nikahamia kwenye mtumba, kule ambako amplifaya za zamani zimepangwa chini, nzito, zina vumbi, na hakuna anayezipigia debe. Hapo pana elimu yake. Kitu cha kwanza ni kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, hiyo ilizaliwa kwa matumizi ya Japani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V itapiga wimbo mmoja mfupi wenye moshi. Inataka transfoma. Muuzaji hatalisema hilo. Atasema ni orijino. Kitu cha pili ni spika: ondoa kitambaa cha mbele, tazama sponji inayozunguka koni. Ikimeguka kwenye kidole, besi yake nayo imeshameguka. Cha tatu, zungusha kitufe cha sauti pole pole. Kikikwaruza usikate tamaa, mara nyingi ni vumbi tu, na fundi mwenye dawa ya kopo atakisafisha wakati unakunywa soda.

Nikapata amplifaya, nikapata spika za mbao, na fedha iliyobaki nikanunua deki ya CD. Hapo ndipo vituko vilipoanza.

CD zilipoingia madukani Japani mwaka 1982, sifa yao kubwa ilikuwa utulivu. Sindano haipo, mwanga ndio unaosoma, na visivyogusana havikwaruzani. Ni kweli, lakini kuna jambo lilisahaulika: sahani lazima izungushwe, na anayeizungusha ni mota. Kwenye deki ya bei ya chini mota hiyo haina siri. Sahani ya CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ili kasi ya kusoma isibadilike, mwanzoni huzunguka kama mara 500 kwa dakika, ikifika mwisho huwa kama 200. Kwa hiyo wimbo wa kwanza ndio wenye zogo kubwa. Ukiwa mvumilivu, wimbo wa mwisho utausikiliza kwa raha. Sahani iliyobandikwa karatasi ya jina juu yake ni balaa zaidi, maana karatasi ikikaa upande inayumba na deki nzima inatetemeka.

Mama mkwe alipokuja kututembelea nilimwekea taarabu ili kumkirimu. Alikaa kimya, akasikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Baba, muziki ni mzuri sana. Sasa huko kusaga mtamaliza saa ngapi, ili tuusikilize vizuri?"

Dawa ya mtetemo ni mpira. Vipande vinne vilivyokatwa kwenye ndala, vikiwekwa chini ya deki, huzuia kabati lisiitikie. Dawa hiyo inafanya kazi barabara, na nawashauri wote waitumie, ila wahakikishe kwanza ndala ni za nani.

Mota ikinyamaza, ndipo unapousikia mvumo. Huu hautoki kwenye deki, unatoka kwenye spika zenyewe: "mmmmm", hata kama hakuna wimbo. Nyumba yenye mvumo haikosi wataalamu. Jirani akasema ni spika hazijazoea hali ya hewa ya pwani. Mpwa wangu akasema ni programu inataka kusasishwa, amplifaya ya mwaka 1985. Fundi wa mtaani ndiye aliyekuja na koleo, akataka kukata pini ya ethi kwenye plagi. "Nikikata hii, bosi, utapata ukimya." Ni kweli ningeupata, na siku umeme ukivuja kwenye bodi ya chuma, ukimya huo ungekuwa wa milele. Nikampa nauli, koleo lake likarudi mfukoni salama.

Mkosaji alikuwa juu ya paa. Amplifaya ilikuwa na njia yake ya ethi kupitia plagi ya pini tatu. Televisheni, niliyoiunganisha nayo kwa waya wa sauti, ilikuwa na njia ya pili kupitia waya wa dishi, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililozama ardhini. Umeme ukipewa njia mbili za kwenda ardhini, tofauti ndogo iliyopo kati yake hupita kwenye waya wa sauti, na amplifaya hukuza chochote inacholetewa, bila ubaguzi. Nilipochomoa waya wa dishi, kukawa kimya. Ukipatwa na mvumo kama huo, chomoa vyombo kimoja kimoja hadi unyamaze. Wa mwisho kuchomolewa ndiye mwenye kesi. Ukitaka vyote vibaki, jaribu kuchomeka televisheni na amplifaya kwenye soketi moja, na ukaze nyaya za sauti nyekundu na nyeupe zilizolegea; huenda mvumo ukapungua.

Bado kuna friji, inayopiga "tak" kwenye spika kila inapowaka, na chaja za bei poa zinazonong'ona usiku kucha. Ila kiboko ni simu. Ile ya laini ya zamani ya GSM, ukiiweka karibu na amplifaya, spika hutoa "tititi-tititi" kabla simu yenyewe haijaita, maana inarusha mawimbi kwa vipigo vya haraka na nyaya za sauti zinayadaka. Amplifaya yangu ikawa inajua mdai amepiga kabla yangu. Nikaamua kutoihamisha, hiyo ni huduma ambayo hata mashine ya mamilioni haina.

Basi ndugu msomaji mwenye laki mbili zako, achana na wati. Dukani mwombe muuzaji aiwashe mashine, asiweke wimbo wowote, apandishe sauti hadi nusu, halafu nyamazeni wote wawili. Ikinyamaza na yenyewe, toa hela. Ikivuma, mshukuru kwa ukarimu wake na uende duka la pili. Muziki mzuri hauwezi kutoka kwenye chombo kisichojua kukaa kimya.