Si Uzi Tu Huo?

Mtu akija barazani kwangu kutaka kofia, hata salamu hazijesha ameshakuwa mjuzi wa bei za madukani. "Bimkubwa, bafta siku hizi mita bei gani? Na uzi je?" Anajumlisha kwa vidole, anapata vielfu vichache, kisha ananitazama kama aliyeshika mwizi. "Sasa hiyo laki inatoka wapi?"

Inatoka machoni mwangu, mwanangu. Inatoka kiunoni.

Kofia ya viua ni bafta tabaka mbili, unaichora maua kwa penseli, halafu unaanza. Kiua ni kitundu: unakitoboa, unakizungushia uzi pole pole, sindano moja ubavuni mwa nyingine, mpaka mdomo wake usimame kama wa pete. Hapo umemaliza kimoja. Vilivyobaki ni mamia. Kimoja kikienda upande, ua zima linapinda, na mvaaji atakwenda nalo msikitini watu wa safu ya nyuma walisome. Ukishamaliza ubavu, kichwa kinakungoja. Wiki zinapita, mwezi unaandama, na wewe ungali kwenye maua.

"Mbona sokoni Darajani zipo za elfu kumi?" Zipo, za mashine, kutoka China. Kazichukue. "Ah, lakini hazifanani na zako." Alaa! Kumbe tofauti unaiona. Isipokuwa unataka uione bure.

Mtu huyo huyo simu yake ikizima mbio kwa fundi. Fundi anafungua, anapuliza, anagusa kidogo, dakika kumi, elfu ishirini. Hakuna anayemuuliza ile pumzi aliyopulizia kainunua wapi. Fundi ana kibanda na bango. Mimi nimekaa kwenye mkeka na mguu nimenyoosha, basi nahesabiwa napumzika.

Mjukuu wangu, msomi, akanishauri nitoze kwa saa. Akachukua simu yake, akatoa uzi na bafta, akagawa, akanyamaza. Hata mia tano kwa saa haikufika. Nikamwambia funga hiyo simu, usinitie maradhi. Isitoshe, hesabu ya saa ina udhalimu wake. Jirani yangu anashona kiua kimoja na umbea mitaa miwili; kofia yake huanza Mfungo Mosi ikamalizika watu wanatazama mwezi wa Ramadhani. Kwa saa, yule angekuwa tajiri, na mimi mwenye mkono mwepesi nife njaa.

Wateja wote hao afadhali. Balaa ni ndugu. Ndugu hanunui, ndugu "anakumbukwa". "Shangazi, harusi yangu inakuja, mimi sitaki makubwa, kofia tu." Kofia tu! Si bora angeomba kitanda, kitanda kinauzwa tayari. Na akishapewa, anaitia kwenye mashine ya kufulia na majinzi, kisha anairudisha imenywea: shangazi, hebu itie wanga.

Wa madukani nao wana yao. Mmoja alinichukulia kofia kwa mkopo, akaniambia soko limelala. Siku napita naikuta dirishani, bei maradufu ya ile aliyoniahidi, na mgeni anaelezwa ushonaji huu ulivyo mgumu, kazi ya subira, urithi wa mabibi zetu. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, maana hata mimi sijawahi kusifiwa hivyo. Hela yangu bado sijaiona.

Juzi kaja kijana, bwana harusi mtarajiwa, mstaarabu, kabisha hodi vizuri. Nikamtajia laki na nusu. Akafikiri, akakuna kidevu. "Bimkubwa, na kama ukishona ubavuni peke yake, juu ukaacha bila kitu, utanipunguzia?"

Nikamwambia nitampunguzia sana, tena juu nitaacha bila hata kitambaa.