Sifa za Kobe wa Unyanyembe

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilipata wa kuisifu. Punda wa misafara alikwishasifiwa kabla yake, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walisifiwa na Wazungu wengi waliopita hapa na madaftari yao, ingawa wengine waliwasifu na kuwatukana katika ukurasa mmoja. Gari la umeme lililoishiwa chaji porini mwezi wa Julai, mbele ya Ndono, halijapata malenga. Kazi hiyo naichukua leo mimi, na nawaomba wasomaji mkae vizuri, maana jambo lenyewe ni zito.

Gari ni dogo, jeupe, limetumika Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini. Kutoka Dar es Salaam lilikuja Tabora juu ya lori la dizeli, limefungwa minyororo, jambo ambalo lingewafumbua macho watu wa ofisi nyingine yoyote. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, wala ofisi iliyolipokea. Aliyetuletea nitamwita Mkurugenzi, basi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ulikomaa katika njia hii hii ya misafara, babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo mabegani. Kwa hiyo nikimzika leo angali hai, hana baraza la kunishtaki. Zamu yake itafika siku ya msiba wangu.

Sifa ndogondogo nizipitie upesi. Halitoi moshi. Halina oili ya kubadilisha, hivyo fundi wetu wa gereji aliinua boneti, akatazama, akaishusha taratibu kama mtu aliyefunua jeneza la asiyemjua. Ndani ya dashibodi yumo mwanamke anayenisemesha Kijapani kila niwashapo, kwa upole mkubwa, na mpaka leo sijui kama ananikaribisha au ananihadharisha. Na liko kimya mno. Mbuzi wa Isevya huligundua likiwa limeshawafika miguuni.

Lakini fadhila yake kuu, ambayo ningeweza kuitungia utenzi wa beti mia tano, ni kwamba haliendi mbali.

Tafakari. Msafara kutoka Bagamoyo ulichukua miezi mitatu hivi kufika Tabora. Watu walishika njia alfajiri, na kabla jua halijawa kali wamekwishatua mizigo, wamepiga kambi, wanatafuta kuni, maji na wa kuzungumza naye. Gari letu limeifufua sunna hiyo bila kufundishwa na mtu. Hutoka alfajiri limejaa nguvu. Ikifika saa tano limechoka, linataka kivuli na watu. Gari la dizeli lilituharibia adabu hii. Mtu anatoka Tabora, anaingia Urambo chai ya asubuhi haijatulia tumboni, na njiani hakusalimu mtu wala hakujua kijiji gani kina kisima. Gari la umeme humrudisha mwanadamu kwa wanadamu wenzake, apende asipende.

Na kungoja, ndugu zangu, ndiyo kazi kongwe ya mji huu. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hapa Unyanyembe, Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi kabla ya kushika njia ya Ujiji. Stanley mwaka 1871 alikwama hapa kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia. Akaenda kupigana naye pamoja na Waarabu wa Unyanyembe, wakachapwa, mwisho akazungukia kusini. Livingstone ndiye bingwa. Stanley alipoagana naye Machi 1872, mzee alibaki Kwihara hadi Agosti akingoja wapagazi watoke pwani. Miezi mitano! Tembe la Kwihara limefanywa makumbusho, na watalii hutoka mbali kuja kutazama mahali mtu alipongoja. Mimi nimengoja chini ya mwembe kando ya barabara ya Urambo na hakuna aliyekuja hata kunipiga picha, ukiacha watoto wa shule.

Tena gari lina unyenyekevu. Betri ikikaribia kwisha, kwenye dashibodi huwaka picha ya kobe. Sikuibuni, wahandisi wa Japani walikaa kikao wakakubaliana hivyo. Kuanzia hapo ukanyage usikanyage, gari litatembea kwa mwendo linaoutaka lenyewe. Baiskeli yenye magunia ya mkaa ilitupita. Mwenye baiskeli akageuka, akatuamkia, akaendelea zake. Huo ndio mwendo wa msafara, na kobe ndiye kirangozi.

Barua ya safari ilisema safari ya siku moja: Tabora hadi Urambo, mimi na bwana misitu, kukagua vitalu vya miti vya wakulima wa tumbaku, na kurudi. Kutoka Tabora hadi Ndono ni kilomita 42, Ndono hadi Urambo 52. Karatasi ya gari inasema kilomita 200 kwa chaji moja. Kwenda na kurudi ni 188. Zinabaki 12 za kuzungukia vitalu. Mkurugenzi ni hodari wa hesabu. Ila karatasi ile iliandikwa Japani kwa ajili ya betri mpya. Betri mpya ya aina hiyo hubeba yuniti 24, zilezile tunazonunua kwa LUKU. Yetu imezeeka, haina cha kuipoza ila upepo unaopita chini yake, na imekwishakula joto la Oktoba la Unyanyembe, kwa hiyo inabeba zaidi kidogo ya nusu. Joto huila betri ya lithiamu moja kwa moja, kilicholiwa hakirudi. Baridi huiduwaza tu, ikipata joto inaamka.

Kipupwe chetu, basi, kisilaumiwe. Alfajiri ya Julai hapa ni nyuzijoto 14 au 15, za kumtosha mtu kuvaa sweta na kununa. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, watu huyaendesha kwenye theluji na hawaandiki makala. Lakini wao wakiishiwa wanajua pa kwenda. Sisi hita tuliizima kabla hatujatoka mjini, ili kuokoa kilomita, tukajifunga vitenge shingoni. Upepo wa kipupwe, unaovuma kutoka mashariki, ulitusukuma mgongoni kwenda Urambo kwa ukarimu ambao tungeulipia wakati wa kurudi.

Sasa hongo. Zamani watemi wa njiani walidai hongo ili msafara upite: merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba. Wasafiri walilalamika sana, hasa Ugogo, lakini hongo ilikuwa na akili yake. Unakunywa maji ya watu, unakata kuni zao, lipa. Leo shaba imejificha ukutani nyuma ya soketi, na gari la umeme limeirudisha hongo mahali pake. Kobe alipowaka mbele ya Ndono, kwenye nyumba ya kwanza yenye waya kutoka nguzoni, nikapiga hodi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Mnauza nini?"

Nikamweleza kuwa hatuuzi, tunaomba umeme wa gari. Akalizunguka, akainama kutafuta bomba la moshi, akanyanyuka.

"Hili nalo linakula LUKU?"

"Linakula, mama."

"Yuniti ngapi?"

Hapo nikajua nimefika kwa mtemi. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidisha yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti. Akizidisha, zinazozidi hupanda hadi 350. Mama yule, mwenye taa, redio na simu za majirani za kuchaji, aliijua hesabu hiyo kuliko wachumi wote niliowahi kuketi nao. Gari letu kwa kikao kimoja lilitaka yuniti 15. "Wewe utaondoka," akaniambia, "mimi nitabaki na hiyo mia tatu hamsini." Akataja hongo yake. Nikalipa bila kubishana, maana Stanley alibishana na watemi na sote tunajua kilichompata. Mtoto akatumwa dukani, akarudi na tokeni ya tarakimu 20 kwenye kipande cha karatasi, kodi ya jengo ya mwezi ikiwa imekwishakatwa humo humo, kama ilivyo tangu mwaka 2021.

Tukachomeka. Soketi ya kawaida hutoa kilowati mbili na ushei, kwa hiyo hesabu ilisema saa saba hivi. Hesabu haikujua habari za mashine ya kusaga. Kila jirani alipoiwasha, taa za mama zilififia, chaja ikajizima, na mwanamke wa Kijapani akasema jambo refu. Mashine ikizimwa, tunaanza upya. Mahindi ya kijiji kizima yalisagwa jioni ile, na sikuweza kumwambia mtu aache kusaga unga wa watoto wake ili mimi nikakague miche.

Hapa naomba niweke sifa pembeni kidogo. Megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni za kweli na nazifurahia. Lakini zinasafiri mwendo mrefu kumfikia mama huyu, na mwisho wa safari zinakuta waya mwembamba na transfoma moja inayogombewa na kijiji kizima. Wenye takwimu wamekwishahesabu nguzo, wakaandika "umefika", wakafunga faili. Nguzo huchaji gari? Na Mkurugenzi anajua hayo yote! Hilo ndilo linaloniudhi. Niliuliza. Kwenye semina ya nishati safi, ndani ya hoteli ya Dar es Salaam ambamo viyoyozi vilivuma hadi watu wakaomba makoti (kipupwe cha kweli nilikiona humo), nilisimama nikauliza gari hili litachajiwa wapi kati ya Tabora na Urambo. Nikajibiwa kwamba swali ni zuri sana na limechukuliwa. Lilichukuliwa kweli, halijarudishwa. Tukagawiwa mabegi, kalamu na posho, na Mkurugenzi akapanda shangingi lake la dizeli.

Urambo inawajua watu wa namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ekari milioni tatu na robo zilichorwa kwenye karatasi. Wataalamu waliotangulia walikaa nchini wiki tisa, mengi wakiyatazama kutoka angani, na wenyeji waliokuwa wakilima karanga zao hapo chini hawakuwamo kwenye ndege. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Visiki, udongo na ukame vikayashinda matrekta. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimekwenda. Urambo ikageukia tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni za miombo. Ndiyo maana sisi tulikuwa njiani kukagua miche kwa gari lisilotoa moshi, huku tukipishana na malori ya magogo. Nikiwalinganisha, wale wa karanga naona walikuwa na busara kumzidi mtani wangu. Angalau walituma mafuta pamoja na matrekta.

Tulilala kwa mama, tukala ugali wa unga ule ule uliotuzimia chaja, na sina neno baya kuhusu ugali wala mwenye nyumba. Urambo tulifika kesho yake. Miche ilikuwa hai mingi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu wakulima wenyewe waliimwagilia bila kutungoja. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, umeme ulikatika. Mwenye nyumba akawasha jenereta, tukalijaza gari safi kwa petroli, na akatutoza petroli yote pamoja na usumbufu. Kurudi tulipambana na ule upepo wa mashariki. Kobe aliwaka mapema.

Baadaye nikajaza fomu ya marejesho ya masurufu. Penye "mafuta ya gari" niliandika sifuri, na Mkurugenzi ameitumia sifuri hiyo kwenye ripoti ya wafadhili, ukurasa wa kwanza, kwa rangi ya kijani. Penye "mengineyo" niliandika hongo. Mhasibu alinipigia simu akihema, akidhani nimewapa askari wa barabarani. Nikamsimulia habari za watemi, merikani na ushanga, na yuniti 75. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama mtemi wangu ana mashine ya EFD, kwa sababu bila risiti ya EFD fedha hizo zitakatwa kwenye mshahara.

Zimekatwa. Gari la pili linatarajiwa mwezi ujao, na barua yake ya safari imekwishatangulia kufika: Tabora hadi Ujiji, kwenda na kurudi, siku moja.